Meza ya Sebuleni Imegoma Kushika Rangi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupaka Tena

Rangi ya juu ndiyo inayolaumiwa kila mara, na mara nyingi haina kosa. Meza ya zamani huja na mambo yake: nta iliyosuguliwa mwaka hadi mwaka, oili chafu iliyopakwa miguuni kuzuia mchwa, vanishi ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya aina gani, na mbao yenyewe, ambayo hapa Tabora aghalabu ni mninga au mkurungu. Ukipaka mkono mwingine wa rangi juu ya tatizo usilolijua, utalificha wiki mbili tatu, kisha litarudi pale pale. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona kwa macho, halafu tunashuka taratibu hadi kwenye chanzo.

Kwanza pindua meza

Upande wa chini wa ubao ndio unaosema ukweli, kwa sababu mafundi wengi hawaupaki. Kiini cha mninga ni cha kahawia chenye michirizi ya dhahabu au wekundu, na pembeni yake kuna mbao nyeupe au ya rangi ya krimu. Angalia pia ncha ya ubao. Kama michirizi ya juu inaendelea hadi kwenye ncha, hiyo ni mbao nzima. Kama ncha ina tabaka tabaka, au ni unga ulioshindiliwa, basi juu yake kuna vinia tu, yaani ngozi nyembamba ya mbao iliyogundishwa, na vinia za siku hizi mara nyingi hazifiki hata milimita 1. Msasa namba 80 unaimaliza kabla hujageuza mkono.

Kisha ijaribu rangi au vanishi ya zamani mahali pasipoonekana. Dondoshea spiriti, subiri dakika moja, gusa. Ikinata na kulainika, hiyo ni shelaki, vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti. Isipoguswa na spiriti, jaribu thina ya enisii (NC, vanishi ya kupuliza inayokauka upesi), ile kali wanayotumia mafundi wa kupuliza. Ikiyeyuka na kuwa maji maji, ni vanishi ya enisii. Ikikunjamana na kuinuka kama ngozi, ni rangi au vanishi ya mafuta. Isipofanya chochote, una vanishi ngumu ya poliurethini au ile ya kuchanganya makopo mawili. Jaribio hili linachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na nusu ya makosa nitakayoyataja hapa yangeepukwa kwa kulifanya.

Rangi inabanduka vipande vipande

Usikimbilie msasa. Chukua kipande kimoja kilichobanduka ukigeuze mgongo, ukishike kwenye mwanga wa dirisha. Mgongo ndio unaotoa jibu.

Ukiwa laini na unang'aa kama kioo, rangi mpya ilikaa juu ya vanishi ya zamani iliyokuwa ngumu na yenye kung'aa, bila kupigwa msasa. Haikupata pa kujishikiza. Hapo huna haja ya kuvua kila kitu hadi kwenye mbao: ondoa kilicholegea, piga msasa namba 180 mpaka mng'ao wote ufe, futa vumbi, paka praima, yaani rangi ya msingi ya kushikiza, kisha rangi.

Mgongo ukiwa na vumbi au nyuzi nyuzi za mbao, basi mbao yenyewe ndiyo iliyoachia. Ama ilikuwa na unyevu, ama uso wake ulikuwa umechakaa kwa jua na mvua, kama meza iliyokaa barazani miaka mingi. Lazima ufike kwenye mbao ngumu, na ubao ukauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuupaka.

Mgongo ukiwa na utelezi, ukiusugua kwa kidole unahisi mafuta, hiyo ni nta. Hili ndilo tatizo la kwetu hasa. Tabora ni mkoa wa asali, na penye asali pana nta, na nyumba nyingi zimeng'arisha samani za mninga kwa nta, yenyewe au iliyolainishwa kwa mafuta. Kwa mbao isiyopakwa rangi ni matunzo mazuri sana, na siwezi kumlaumu bibi yeyote aliyefanya hivyo. Ila rangi haishiki juu ya nta, iwe ya bei gani.

Dalili nyingine ya nta ni msasa kuziba upesi kwa utando laini wa kijivu badala ya kutoa unga. Ukiona hivyo, acha kusugua hapo hapo. Joto la msasa linalainisha nta na kuishindilia ndani ya vitundu vya mbao, na mninga una vitundu vikubwa. Utaratibu ni kuosha kwanza, msasa baadaye. Lowesha kitambaa kwa tapentaini, sugua kufuata mshipa wa mbao, kisha futa kwa kitambaa kingine kikavu kabla tapentaini haijakauka. Ukiiacha ikauke, nta inarudi ilikokuwa. Badilisha kitambaa kila kinapochafuka, rudia mpaka kitambaa kitoke bila utelezi, ndipo uchukue msasa.

Wekundu au umanjano unachomoza kwenye rangi nyeupe

Siku hizi watu wengi wanataka meza nyeupe au ya krimu. Wanapaka, inapendeza, na baada ya siku chache panatokea doa la rangi ya chungwa au hudhurungi, hasa kwenye mshipa na karibu na viungo. Wanapaka mkono wa tatu, wa nne, na doa linakuja na kila mkono.

Hiyo si kutu wala uchafu. Kiini cha mninga na cha mkurungu kina rangi yake ya asili inayoyeyuka. Mkurungu hasa unajulikana kwa kutoa rangi nyekundu ya kutilia vitu. Rangi ya maji ikigusa mbao hiyo inaiyeyusha na kuivuta juu, na kadiri unavyoongeza mikono ya rangi ya maji ndivyo unavyozidi kuikaribisha. Mpaini nao una ugonjwa unaofanana, ila kwake ni utomvu unaotoka kwenye mafundo, na doa linakuwa la duara na la manjano.

Dawa ni kuweka ukuta kati ya mbao na rangi. Acha iliyopo ikauke kabisa, piga msasa mwepesi, kisha paka shelaki mikono miwili. Shelaki ni vile vipande vyembamba vya rangi ya kaharabu vinavyoyeyushwa kwa spiriti, na hukauka kwa muda mfupi. Juu yake rangi ya maji au ya mafuta zote zinakubali. Ukikosa shelaki, praima ya mafuta inapunguza sana, lakini ipe usiku mzima ikauke na uikague kwa mwanga wa mchana kabla ya kuendelea.

Nitasema na maoni yangu. Ukipindua meza ukakuta mninga mzima, wenye ile michirizi ya dhahabu, fikiri tena kabla ya kununua kopo la nyeupe. Mti ule umekua miaka mingi sana msituni, na mbao yake imetulia kuliko nyingi: haijipindi wala haijikunji ovyo. Safisha, piga msasa vizuri, paka vanishi isiyo na rangi. Meza nyeupe unaweza kuipata kwa mbao yoyote ya bei nafuu.

Rangi inanata, haikauki

Hapa uliza swali moja: inanata wapi?

Ikinata meza nzima, tazama ulichochanganya. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, siyo kwa kukauka maji, kwa hiyo mkono mzito unatengeneza ngozi juu na chini unabaki ubichi. Pia kuna wanaopunguza rangi ya mafuta kwa mafuta ya taa kwa sababu yapo nyumbani. Mafuta ya taa yanaacha mabaki yanayochelewesha kukauka na kuua mng'ao. Petroli nayo inaruka upesi mno, na ni hatari tupu penye jiko la mkaa. Tumia tapentaini, na kidogo. Kama umeshapaka, weka meza mahali penye hewa inayopita na uipe wiki nzima. Ikiwa bado kucha linaacha alama, ivue kwa kikwangulio. Hakuna mkono wa juu utakaoiokoa.

Ikinata sehemu ya chini ya miguu tu, kiasi cha upana wa kiganja kutoka sakafuni, nusa. Harufu ya gereji haipotei kirahisi. Mtu alipaka oili chafu kuzuia mchwa, na oili ya injini haikauki hata siku moja. Inakaa ndani ya mbao na kulainisha rangi kutoka chini. Osha kwa tapentaini mara kadhaa, ukifuta kila mara kwa kitambaa kisafi, acha siku mbili tatu kwenye joto, futa tena kitakachojitokeza, kisha ziba kwa shelaki. Mguu ulionyonya oili nyingi hautapona kabisa. Kwa huo ni afadhali uache chini pakiwa na rangi ya giza isiyong'aa, au fundi akate kipande kilichoharibika na kuunga kipya, kuliko kupigana nao kila mwaka. Mchwa wazuie kwa njia nyingine: miguu isikae moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo au yenye unyevu, na utazame mara kwa mara.

Ikinata pale tu kilipokuwa kitambaa cha kufuma au nailoni ya meza, rangi ilikauka ila haikukomaa. Kukauka ni kugusa bila kuchafuka kidole. Kukomaa ni jambo la wiki kadhaa, hasa kwa rangi ya mafuta. Nailoni ni mbaya zaidi ya kitambaa, kwani vilainishi vilivyomo ndani yake vinahamia kwenye rangi na vanishi na kuzilegeza, hata zile zilizokomaa. Bandua taratibu, acha wazi, piga msasa namba 320 ukiona imekuwa ngumu, rudia mkono mmoja mwembamba. Wageni watangoja vitambaa.

Rangi imekunjamana mara tu baada ya kupuliza

Fundi amepuliza enisii juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Thina yake kali imeivamia rangi ya chini, ikavimba na kujikunja. Kumbuka mpangilio: mafuta juu ya enisii iliyokauka na kupigwa msasa, sawa, enisii juu ya mafuta, hapana. Iliyokwisha kukunjamana inavuliwa yote. Kama hutaki kuvua meza nyingine yenye rangi ya mafuta, baki na rangi ya mafuta au ya maji baada ya msasa na praima.

Vanishi imeingia ukungu mweupe

Ukipuliza enisii siku ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, utaliona hili. Thina inaporuka haraka inapoza uso wa meza, unyevu wa hewani unatua juu yake kama umande, na kunaswa ndani ya vanishi. Meza inakuwa na utando wa maziwa. Wengi wanadhani vanishi ni feki na wanarudi dukani kugombana.

Usiivue. Subiri siku kavu, saa za mchana jua likiwa limekausha hewa, kisha puliza ukungu mwembamba wa thina inayokauka taratibu, bila vanishi ndani yake. Uso unalainika, unyevu unatoka, weupe unaondoka. Duka likikosa thina ya taratibu, bora kazi ya kupuliza isubiri mvua ikatike na hewa ikauke.

Miduara myeupe ya vikombe vya chai ni jamaa ya tatizo hili: unyevu umeingia kwenye vanishi, haujafika kwenye mbao. Kitambaa kilichoguswa kidogo tu na spiriti, kikipitishwa upesi bila kukandamiza, mara nyingi kinaondoa. Ukikilowesha sana na vanishi ni shelaki, utaondoka na vanishi yenyewe. Mduara mweusi ni habari nyingine. Huo umefika kwenye mbao, na weusi unatokana na chuma kukutana na maji na tanini za mbao, kwa mfano kitako cha sufuria au chungu cha maua chenye waya. Unatolewa kwa asidi ya oksaliki baada ya kuvua vanishi, ukivaa glavu, na kuosha kwa maji mengi ukimaliza. Ndimu inapunguza kidogo tu. Weusi wa vidoa vidogo vidogo vilivyotawanyika kwenye meza nzima mara nyingi ni masalia ya stiliwaya: vijipande vya chuma vilibaki kwenye vitundu, rangi ya maji ikavitia kutu.

Vijishimo vya duara, mapovu na vumbi

Vanishi ikikimbia na kuacha vijishimo vya duara mara tu inapotua, kuna silikoni, kutoka kwenye zile dawa za kupulizia za kung'arisha samani. Futa yote ikiwa bado mbichi, osha kwa tapentaini kwa vitambaa vingi, ziba kwa shelaki, anza upya.

Mapovu yana sababu mbili. Ya kwanza ni kutikisa kopo la vanishi. Koroga kwa kijiti, taratibu. Ya pili ni kupaka asubuhi kivulini kisha kuihamishia meza juani ikauke. Mbao inapashwa joto, hewa iliyo ndani ya vitundu inatanuka na kutoka kupitia vanishi. Mninga kwa vitundu vyake unafanya hivyo sana. Paka wakati joto linashuka, alasiri, na uiache hapo hapo.

Vumbi la kiangazi la Tabora halina dawa ila kumwagia maji uani kabla ya kuanza, kufunga madirisha ya upande wa upepo, na kutofagia karibu. Mkono ukishakauka, msasa namba 320 unaondoa chembe, na mkono wa mwisho upakwe ndani.

Ufa unafunguka na kujifunga

Ufa unaoonekana Septemba na Oktoba na kupotea mvua zikikolea ni mbao inayopumua. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, siyo kwa urefu. Fundi akiupigilia misumari na gundi kwenye fremu pande zote, hauna pa kwenda, unapasuka. Kosa kubwa ni kuujaza puti ngumu wakati wa kiangazi, ufa ukiwa wazi kabisa. Mvua ikija ubao unatanuka, puti inasukumwa juu, na rangi inapasuka nayo.

Fungua ubao kutoka kwenye fremu kwanza. Rudisha kwa skrubu, na matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kidogo kama mfereji ili ubao uteleze. Ufa mpana uzibwe kwa kijiti chembamba cha mbao ya aina ile ile kilichotiwa gundi upande mmoja tu. Mninga kwa kawaida husinyaa kidogo, kwa hiyo meza ya mninga yenye ufa mkubwa huwa ilitengenezwa kwa mbao isiyokauka, au ilibanwa hivyo.

Vitundu vidogo na unga

Vitundu vya milimita 1 au 2, vyenye unga laini kama wa sembe, ni kazi ya bungua. Tazama vilipo. Kwenye mninga hukaa katika ile mbao nyeupe ya pembeni, kwa sababu ndiyo yenye wanga, kiini hawakiwezi. Swali ni kama wangali hai. Safisha vitundu kwa brashi, weka meza juu ya karatasi nyeusi, iache wiki kadhaa. Hakuna unga mpya? Ni makovu ya zamani, jaza puti na uendelee.

Unga ukidondoka tena, usipake kwanza. Rangi haimuui aliye ndani. Atatoboa na kutoka kupitia rangi yako mpya. Tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao, iingie kwenye vitundu, ikauke kadiri lebo inavyosema. Mafuta ya taa hayafai hapa pia, kwa sababu ile ile ya kunata. Ukishatibu, paka na upande wa chini wa meza: bungua hutaga kwenye vitundu vya mbao iliyo wazi, na mbao iliyozibwa hawaiwezi.

Lini uvue yote

Ukikuta tabaka tatu za aina tofauti, au umetibu sehemu na nyingine ikaanza, vua hadi kwenye mbao. Tumia kikwangulio na dawa ya kuvulia rangi kuliko msasa mkavu, hasa kama meza ni ya miongo iliyopita na ina rangi ya mafuta nyeupe, njano au nyekundu. Rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru watoto kwa kiasi kidogo sana. Ukilazimika kusugua, tumia msasa wa maji, fanya kazi nje, vaa barakoa, na kusanya mabaki yote kwenye gazeti yakatupwe mbali na kuku na bustani.

Kisha msasa namba 120, 180, 240, bila kuruka, na kila mara kufuata mshipa. Mkwaruzo mmoja wa kukata mshipa utaonekana chini ya vanishi. Pangusa ubao kwa kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi zitasimama, zikikauka zipitie kwa 240 mara moja. Vitambaa ulivyotumia kwa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivifinyange na kuvirundika pembeni, kwani vinapata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze kwenye kamba nje mpaka vikakamae, ndipo uvitupe.

Mkono wa kwanza wa vanishi upunguze kwa tapentaini, ili uzame. Miwili inayofuata iwe myembamba, na kati yake upitishe msasa namba 320. Kesho yake unaweza kuirudisha meza sebuleni, lakini bila nailoni, na sahani za moto zikae juu ya mikeka midogo kwa mwezi wa kwanza.